Mwenzetu Akizidiwa na Dawa: Yale Yaliyofanywa na Majimbo ya Marekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi. Imechapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katika mkutano uliopita mzee mmoja wa karakana alisimama akauliza swali. Alisema amesikia kwamba huko Marekani watu wengi wanakufa kwa vidonge vya maumivu na kwa unga, na si wahuni wa barabarani tu, bali hata mafundi, wavuvi na wachimba makaa. Akauliza: nchi yenye madaktari tele namna ile imeshindwaje, na serikali zao zimefanya nini? Watu wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alituagiza sisi watatu wa kamati ya usalama twende tukatafute habari, kisha tuje tuzisome hapa. Tulisoma taarifa za idara za afya za huko, na pale tulipokwama kwa Kiingereza cha waganga tulisaidiwa na muuguzi mmoja, mke wa mwanachama mwenzetu. Twamshukuru sana.

Marekani ni nchi ya majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria na idara yake ya afya. Mambo ya hospitali, polisi na jela kwa sehemu kubwa yamo mikononi mwa majimbo yenyewe. Kwa hiyo msiba huu ulipoingia kila jimbo lilishika njia yake. Mengine yaliamka mapema, mengine yalichelewa, mengine yalikosea kabisa. Kwetu sisi watazamaji hiyo ni faida, maana twaweza kupima njia hii na ile.

Msiba wenyewe ni mkubwa. Mwaka 2017 watu zaidi ya 70,000 walikufa huko kwa kuzidiwa na dawa. Mwaka 2022 walifika karibu 108,000. Mwaka 2024 hesabu ilishuka hata karibu 80,000. Uwanja wa Kasarani ukijaa pomoni, bado watu hao hauwatoshi, na hao ni wa mwaka mmoja tu, tena mwaka uliosemwa kuwa wa nafuu.

MTU ANAVYOKUFA

Dawa tunazozisema hapa ni za jamii ya kasumba, yaani ile afyuni ya zamani na watoto wake: morfini ya hospitali, heroini ambayo sisi twaiita unga, vidonge vya maumivu makali, na siku hizi fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini. Zote hutuliza maumivu. Lakini zote pia huufanya ubongo usahau kazi ya kupumua. Mtu hapigi kelele wala haanguki kwa kishindo. Hulala. Hukoroma mkoromo wa ajabu kama maji yanayotokota kooni, midomo na kucha hubadilika rangi, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini, na pumzi hupungua mpaka hukoma. Akiwa amekunywa na pombe, mambo huwa mabaya zaidi.

Hapo mara nyingi kuna dakika kadhaa katikati, baina ya kulala na kufa. Katika dakika hizo mtu wa kumwokoa si daktari, kwa sababu daktari hayupo. Ni yule aliye naye chumbani. Tafadhalini mlishike neno hili, maana kazi yote nzuri tuliyoiona katika majimbo yale imejengwa juu yake.

ILIVYOANZA KWA WAFANYA KAZI

Mwaka 1996 kampuni iitwayo Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge kiitwacho OxyContin. Wachuuzi wake waliwaambia madaktari kwamba hatari ya mtu kukizoea ni ndogo. Haikuwa kweli. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kosa hilo mahakamani, yaani kuwapoteza watu kwa maneno juu ya dawa yake, ikalipa karibu dola milioni 600. Lakini wakati huo vidonge vilikuwa vimekwisha kuenea, vya kampuni hiyo na vya nyingine.

Vilienea wapi hasa? Jimbo la West Virginia ni jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe. Mchimba makaa hufanya kazi akiwa ameinama, pengine amepiga magoti, saa nyingi, na akifika umri wa miaka 40 mgongo na magoti yamekwisha. Basi daktari humpa kidonge, na kesho anarudi mgodini. Katika jimbo hilo kuna kijiji kiitwacho Kermit chenye watu kama 400. Gazeti moja la huko lilifichua mwaka 2016 kwamba duka moja la dawa katika kijiji hicho lilipelekewa karibu vidonge milioni 9 vya maumivu katika miaka 2. Sisi tulipiga hesabu mara mbili tukidhani tumekosea sufuri. Hatukukosea. Na katika jimbo zima, kwa miaka 6, makampuni ya jumla yalipeleka vidonge milioni 780. Hakuna mtu ghalani aliyeuliza: watu 400 wana migongo mingapi?

Sasa sikilizeni habari za jimbo la Massachusetts, kwa sababu hii ndiyo iliyotugusa zaidi. Idara ya afya ya jimbo hilo ilichukua vyeti vya vifo vya miaka 2011 mpaka 2015 ikafanya jambo rahisi ambalo hata karani mmoja aweza kulifanya: ikatazama marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Taarifa ilitoka mwaka 2018. Ikaonekana kwamba wajenzi na watu wa machimbo walikufa kwa dawa za jamii ya kasumba mara 6 ya wastani wa wafanya kazi wote. Karibu robo ya wafanya kazi wote waliokufa hivyo walikuwa wa kazi hizo. Nyuma yao walifuata wavuvi na wakulima. Walimu walikuwa miongoni mwa wale wa chini.

Idara ikaendelea kutazama. Ikaona kwamba vifo ni vingi katika zile kazi ambazo watu huumia sana, na katika zile kazi ambazo mtu akiugua hapewi siku ya kupumzika yenye mshahara. Mambo mawili, ndugu. Kuumia, na kukosa siku ya kupona. Mtu aliyevunjika kidogo na ambaye hana ruhusa ya kulala nyumbani atafanya nini? Atameza kitu aweze kusimama. Leo kimoja, mwezi ujao viwili, na mwili ukikizoea hautaki tena kuachana nacho. Daktari akimnyima, atanunua barabarani, na huko barabarani hajui anachouziwa.

Hapa hatuwezi kuendelea kama kwamba tunasimulia mambo ya ng'ambo tu. Wengi wenu mwajua jambo tutakalolisema, na jamaa zake wametupa ruhusa. Mwaka hatutautaja wala kituo hatutakitaja. Mwenzetu mmoja wa genge aliumia mgongo kwa kuinua taruma. Alipewa siku zake za kupumzika, zikaisha kabla mgongo haujaisha uchungu. Mnyapara alimwambia kwamba vibarua wanangoja mlangoni. Akaenda duka la dawa akanunua vidonge bila karatasi ya daktari, akarudi kazini, na sisi tulimsifu kwa uanaume wake. Mwisho alikuwa akimeza vingi kwa siku hata hakuvihesabu. Usiku wa mshahara akaongeza na pombe. Sisi tuliokuwa naye katika landi tulimsikia akikoroma. Tulimwona midomo.

Hatukuita mtu. Tulijua kwamba askari wakija watakuta vidonge, na tajiri akisikia tutatolewa wote nyumbani na kazini. Tulimmwagia maji. Tulimnywesha maziwa kwa kijiko, yakamwagika kifuani. Karibu saa nzima tulibishana kwa sauti ya chini. Tulipopata gari akawa amekwisha kuwa baridi. Alikuwa na watoto 3.

Tunalisema hili kwa sababu sheria nyingine za majimbo yale ziliandikwa kwa ajili ya saa kama ile.

SHERIA YA MSAMARIA

Kuna dawa iitwayo naloksoni. Si mpya. Imeruhusiwa huko Marekani tangu mwaka 1971. Kazi yake ni kuisukuma kasumba itoke pale ilipokaa katika ubongo, na mtu huanza kupumua tena kwa dakika 2 au 3. Haimlevyi mtu. Akipewa asiyekunywa dawa hizo, haimdhuru. Kwa miaka mingi ilifungiwa katika hospitali na magari ya wagonjwa, yaani ilikuwa mahali pote isipokuwa pale watu walipokuwa wakifia.

Waliovunja kufuli hiyo kwanza hawakuwa serikali. Mwaka 1996 kikundi kimoja cha Chicago kilianza kuwagawia naloksoni watumiaji wenyewe na rafiki zao, bila kungoja sheria. Mwaka 2001 jimbo la New Mexico likawa la kwanza kutunga sheria ya kumlinda mtu wa kawaida anayempa mwenzake dawa hiyo. Mengine yakafuata polepole, na kufika mwaka 2017 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Massachusetts ilianza kufundisha watu na kuwagawia dawa ile tangu 2006. Katika mji mmoja wa huko, Quincy, polisi walianza kuichukua katika magari yao mwaka 2010, wakawa askari wanaofika na pumzi badala ya pingu tu. Na waganga walipolinganisha miji 19 ya jimbo hilo waliona jambo wazi: pale watu wachache walipofundishwa, vifo vilipungua kwa asilimia 27 kuliko pale ambapo hakuna aliyefundishwa, pale wengi walipofundishwa, vilipungua kwa asilimia 46. Mwaka 2023 serikali kuu iliruhusu naloksoni ya kupuliza puani, iitwayo Narcan, iuzwe dukani bila karatasi ya daktari. Bei yake ilikuwa kama dola 45 kwa dawa mbili. Twajua mnafikiri nini juu ya bei hiyo. Na sisi tulifikiri vivyo hivyo, na wengi wa huko pia, ndiyo maana majimbo mengi huigawa bure.

Lakini dawa ikiwa mfukoni na mtu akaogopa kuita msaada, ni nusu ya kazi. Mwaka 2007 New Mexico ikatangulia tena. Ilitunga sheria kwamba mtu anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa hatashitakiwa kwa ile dawa kidogo atakayokutwa nayo, wala yule mgonjwa hatashitakiwa. Massachusetts ikafanya hivyo mwaka 2012. Siku hizi karibu majimbo yote yana sheria ya aina hii, na jina wanaloiita ni Sheria ya Msamaria Mwema. Sisi tuliosoma shule za misheni twamjua Msamaria huyo tangu darasa la pili. Lakini mwalimu hakutuambia kwamba kuhani na Mlawi pengine walipita kando kwa sababu waliogopa. Tulipoisoma sheria hiyo tulikaa kimya kitambo.

Isidhaniwe kwamba sheria ikiandikwa watu huacha hofu siku hiyo hiyo. Katika majimbo mengine sheria ni nyembamba, inamlinda mtu kwa kosa hili na si kwa lile, na polisi wengine hawaijui. Mtu aliyekwisha kufungwa mara mbili haamini karatasi. Kufundisha ni kazi ya miaka.

JELA, NA MAKOSA

Jimbo dogo kuliko yote, Rhode Island, lilitazama mahali ambapo wengine hawakupenda kutazama. Mtu akikaa jela bila dawa, mwili wake husahau kuistahimili. Siku ya kutoka anarudi kwa kipimo chake cha zamani, nacho humwua. Tangu 2016 Rhode Island ilianza kuwapa wafungwa dawa za kutibu uzoefu huo, kama methadoni, wakiwa ndani, na kuwaunganisha na kliniki wakitoka. Katika miezi 6 ya kwanza ya 2016, watu 26 waliotoka jela karibuni walikufa kwa kuzidiwa na dawa. Katika miezi kama hiyo ya 2017, walikufa 9. Wako watu 17 waliokuwa hai mwaka huo kwa sababu jela ilifanya kazi ya hospitali.

Kwa upande mwingine tazameni Florida. Huko kulikuwa na vyumba vya madaktari ambavyo kazi yake ilikuwa kuuza vidonge tu, na watu walisafiri kutoka Kentucky na West Virginia kwenda kununua. Mwaka 2010, kati ya madaktari 100 wa Marekani waliogawa oksikodoni nyingi kuliko wote kutoka vyumba vyao wenyewe, 98 walikuwa Florida. Jimbo lilitunga sheria mwaka 2010 na 2011, likavifunga vyumba hivyo, na vifo vya oksikodoni vilishuka kwa nusu kufika 2012. Ni jambo zuri. Lakini watu waliozoea vidonge hawakupotea hewani pamoja na duka lililofungwa. Matibabu hayakuwatosha, na wengi walihamia kwenye heroini, na baadaye fentanili ikaingia. Kufunga mlango mmoja ni lazima, ila usiwaache watu kibarazani.

Oregon nayo ilijaribu kuondoa adhabu ya kifungo kwa mtu anayekutwa na dawa kidogo. Wananchi walipiga kura mwaka 2020, lakini kliniki za kuwatibia zilichelewa kufunguliwa, watu wakachoka kuona mambo barabarani, na mwaka 2024 baraza likarudisha adhabu. Katika kamati yetu tulibishana juu ya Oregon jioni nzima, hatukupatana, kwa hiyo tunaiacha.

Juu ya fedha tutasema kidogo. Majimbo yaliyashitaki makampuni. Mwaka 2022 makampuni matatu makubwa ya jumla pamoja na Johnson & Johnson yalithibitisha mapatano ya kulipa dola bilioni 26 kwa miaka mingi. Watu wa huko wana mashaka, maana wanakumbuka mapatano ya tumbaku ya mwaka 1998, ambapo fedha nyingi ziliingia katika hazina za majimbo na sehemu ndogo tu ikatumika kuwazuia watu kuvuta sigara. Safari hii mapatano yamesema sehemu kubwa itumike kwa msiba huu. Wenye kufuatilia hesabu ni jamaa za waliokufa, wanahudhuria vikao na madaftari yao.

Na je, juhudi zote hizi zimezaa nini? Massachusetts ilipoteza watu zaidi ya 2,300 mwaka 2022 kwa dawa za jamii ya kasumba. Mwaka 2024 ilikuwa chini ya 1,400. Waganga hawakubaliani ni kipi kilichosaidia zaidi, naloksoni, matibabu, ama dawa za barabarani zenyewe kubadilika. Sisi hatutajifanya kujua kuliko wao.

SIKU SABA

Ndugu wa reli, kuna jambo moja la kwetu hasa. Mwaka 2022 wafanya kazi wa reli wa Marekani walitaka kugoma. Madai yao makubwa hayakuwa mshahara, bali siku za ugonjwa zenye malipo. Reli zile zina faida ya mabilioni, na mfanya kazi wa mizigo akiamka na homa alikatwa au aliandikiwa kosa. Bunge la Washington liliwazuia kugoma, likawalazimisha mkataba. Wabunge wengine walitaka waongezewe siku 7 za ugonjwa. Katika Baraza la Seneti walipiga kura 52 kwa 43, lakini zilihitajiwa 60, kwa hiyo siku 7 zikaanguka. Ni baada ya hapo, mwaka 2023, makampuni yalianza kukubali siku hizo chama kwa chama, kwa sababu vyama havikunyamaza. Massachusetts ilikuwa imekwisha kupata sheria yake ya siku za ugonjwa kwa kura ya wananchi ya mwaka 2014.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanya kazi aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Tumewapita wale wa Marekani kwa karatasi. Lakini mwenzetu yule alikuwa na siku hizo hizo 7, na mgongo haukuisha kwa siku 7. Hatuna budi kulisema wazi kwa matajiri tunapokaa mezani: siku za ugonjwa ni kinga, kama kofia ya chuma na viatu.

Kadhalika sheria hiyo hiyo inasema kwamba kulewa kazini hata usiweze kazi ni kosa kubwa la kufukuzwa. Hatuwezi kuipinga. Treni haiendeshwi na mtu aliyelewa, na anayetaka tulitetee jambo hilo hatatupata. Mtu wa namna hiyo na aondolewe kwenye mashine saa hiyo hiyo. Lakini kumwondoa kwenye mashine ni jambo moja, na kumfukuza yeye pamoja na yule aliyeita gari la wagonjwa ni jambo jingine. Katika jambo la pili ndipo mwenzetu alipofia.

Pia matibabu yapo nchini kwetu. Tangu Desemba 2014 watu wa unga wamekuwa wakitibiwa kwa methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na tangu 2015 Malindi, kisha kliniki nyingine zikafunguliwa. Wako watu wanaoitwa mateja na watoto wa mtaani ambao leo wanafanya kazi zao kama mimi na wewe. Shida yake kwa mfanya kazi ni kwamba dawa hii kwa kawaida hunywewa kliniki, kila siku, mbele ya mwuguzi. Mtu wa zamu ya asubuhi atakwendaje? Akiomba ruhusa kila siku atauliziwa sababu, na akiitaja sababu amejimaliza. Hapo chama chaweza kusaidia kwa barua moja ya siri baina ya katibu na ofisi.

Kwa hiyo kamati yetu inaleta mbele yenu maombi haya yapigiwe kura. Kwamba katika mapatano yajayo tudai siku zaidi kwa mtu aliyeumia kazini, mpaka daktari aseme amepona, wala si mnyapara. Kwamba kiandikwe kifungu kwamba mwanachama anayeita msaada kwa mwenzake aliyezidiwa na dawa au pombe, katika landi au kazini, asiadhibiwe kwa kuita, na mgonjwa apelekwe kwanza hospitali, mengine yafuate. Kwamba wenye kuhudhuria kliniki wapangiwe zamu itakayowafaa. Na kwamba kamati za usalama, ambazo sheria ya 2007 inazitaka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, zikaulize ofisi ya afya ya kaunti jinsi ya kupata naloksoni pamoja na mafundisho yake. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2014 kwamba dawa hii ifike kwa watu walio karibu na mgonjwa, si kwa madaktari peke yao.

Wakati tunangoja, kuna mambo yasiyohitaji kura wala fedha. Ukimkuta mwenzako hali ile, mwite kwa jina, kisha msugue kwa nguvu mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, tuma mtu aite gari mara moja. Kama hapumui vizuri, mwinue kidevu, mpulizie pumzi kinywani, moja kila sekunde 5 au 6. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Usimmwagie maji. Usimpe maziwa, wala chumvi, wala chochote cha kumeza, maana hawezi kumeza na kitaingia mapafuni. Ikiwa naloksoni ipo, mpe, na bado apelekwe hospitali, kwa sababu nguvu yake huisha baada ya nusu saa hata saa moja na nusu, na kasumba yaweza kurudi. Na mkumbuke, naloksoni haitibu pombe wala chang'aa yenye sumu.

Yule muuguzi aliyetusaidia kusoma amekubali kuja Jumamosi baada ya mshahara kutuonyesha kwa vitendo, saa nane mchana, hapa hapa ukumbini. Hataki malipo, ila ameomba blanketi mbili na mtu atakayekubali kulala chini ajifanye mgonjwa. Anayekubali ampe katibu jina lake leo. Wale wa zamu ya usiku watafanyiwa siku nyingine wakijiandikisha wakafika 10.